Mama Shantel na Miji ya Watu

Mau Narok
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama Shantel,

Usishtuke ukiona barua. Hakuna mgonjwa na hakuna aliyekufa. Kiptanui, yule fundi mwenzangu hapa shambani, anateremka Nakuru kesho kutafuta spea za trekta, nami nimemwomba apitie kibandani kwako akupe hii mkononi.

Nimeandika kwa sababu simu imetushinda. Kwanza, nikitaka mtandao lazima nipande hadi kwenye tangi la maji, na huko kuna upepo wa kung'oa masikio. Pili, tukiongea kwa simu tunaulizana mvua, tunaulizana masomo ya Shantel, halafu tunagombana. Ijumaa uliponiambia unaenda Kampala kukimbia, nilisema "Kampala ya nini?" na simu ikakatika. Sijui ni mtandao ulikata au ni wewe.

Sasa nauliza tena, polepole, bila upepo. Daktari alipokuambia presha iko juu na uanze kutembea, nilifurahi. Kutembea kulipogeuka kukimbia, wewe na Sue wa benki mkipanda Menengai kabla jua halijatoka, nikasema sawa, mwili ni wako. Mwaka jana ulipoenda mbio za Kisumu nikanyamaza. Lakini Kampala? Ulale ndani ya basi, uvuke mpaka, ukakimbie kwenye barabara za watu halafu urudi? Barabara za Nakuru zimekosa nini? Huku nilipo, wanaokimbia ni vijana wenye miguu kama nyaya, na wanakimbia kutafuta maisha. Wewe una miaka arobaini na tisa na cherehani.

Si hasira hii. Nieleze tu, kama unavyomweleza mtu mgeni.

Mumeo,
Nyongesa


Nakuru
Jumamosi, 15 Februari 2025

Baba Shantel,

Kiptanui alinikuta nimezama kwenye sketi za shule. Nilisoma barua yako mbele ya wateja, nikaiweka kifuani kama msichana, nikaisoma tena nilipofunga kibanda. Miaka mingapi hujaniandikia?

Ni mimi niliyekata simu.

Sasa nikueleze, mgeni wangu. Unajua nilizaliwa kwenye landhi za reli hapa Nakuru, vile vyumba vya wafanyakazi. Baba aliunganisha mabehewa maisha yake yote na hakuna siku hata moja aliyopanda treni kwenda mahali kwa kutaka tu. Sisi watoto tulisimama kwenye ua tukiangalia mabehewa yakipita, yameandikwa kwa chaki majina ya yanakoenda. Nilijua kusoma kabla sijaingia shule, na nilichosoma ni hicho: Kisumu. Tororo. Kampala. Nilikuwa nikilala nayo mdomoni.

Halafu nikakua, nikaolewa na wewe, nikaanza kushona. Nairobi nimeenda mara nyingi kununua vitambaa. Kakamega tumeenda kuzika. Lakini mji ulioenda kununua kitu huuoni, Baba Shantel. Unaona mlango wa duka na mkono wa mwizi.

Siku ya mbio ni tofauti. Askari wanafunga barabara, magari yananyamaza, na mji mzima unabaki kama nyumba ya mtu aliyekuambia ingia, usivue viatu. Unapita katikati ya lami ambapo siku nyingine ungegongwa. Watu wanatoka barazani na mswaki mdomoni wanakupigia makofi na hawakujui. Kule Kisumu mama mmoja aliyekuwa akipanga samaki aliacha kazi yake akakimbia kando yangu hadi kwenye kona, na kanga yake, na kicheko chake, halafu akarudi kwa samaki wake. Sijui jina lake. Namkumbuka kuliko majirani wengine.

Ujue pia kwamba mimi si wa kushinda. Nyuma yangu huwa kuna wazee wawili na gari la wagonjwa. Ndiyo maana nauona mji vizuri.

Siombi ruhusa. Lakini sitaki kwenda ukiwa umeninunia. Na siku moja, ukipata nafasi, njoo nami.

Wako,
Eucabeth


Mau Narok
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama Shantel,

Nenda Kampala.

Sikuelewa yote, lakini ile ya mabehewa niliielewa. Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja na hukuwahi kuniambia. Nilipoisoma niliiweka barua chini nikaenda kuangalia mashine, ingawa mashine haikuwa na shida.

Kiptanui aliniuliza unakimbia kwa saa ngapi. Nikamjibu, "Saa kumi na mbili asubuhi." Alicheka mpaka spana ikamwanguka. Kumbe alitaka kujua unatumia muda gani njiani. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Yeye mwenyewe, Mkalenjin mzima, hajakimbia tangu shule ya msingi. Anasema kwao Olenguruone ukoo wao wakiona mlima wanauzunguka.

Kuja nawe siwezi. Tunaanza kutengeneza mashine za mavuno, na nikimwambia meneja nataka ruhusa ya kwenda kusimama kando ya barabara nikishika mfuko wa mke wangu, atafikiri baridi imeniingia kichwani. Lakini uniandikie ukiwa hukohuko. Nitasoma kwa meza, si kwa kusimama.

Nyongesa


Kampala
Jumapili, 6 Aprili 2025

Baba Shantel,

Naandika nikiwa kitandani kwenye nyumba ya wageni, Sue ameenda kutafuta chakula. Nitaituma nikifika Nakuru.

Huu mji umejengwa na mtu aliyekuwa akipanda ngazi. Ukimaliza kilima unasema sasa nimefika, kumbe umeonyeshwa tu kilima kingine. Bodaboda ni nyingi kama nzige, na asubuhi zilipozuiwa, vijana wake walisimama kando wameegemea usukani wakituangalia kama tumewaibia barabara. Halafu mmoja akaanza kushangilia na wengine wakafuata. Nyumba zina vigae vyekundu, na migomba inaota katikati ya mji, mlangoni kwa wakili, bila haya. Kuna ndege wakubwa wenye shingo za upara wamekaa juu ya nguzo za taa kama wazee wa kanisa. Nilitaka sana uwaone. Nilisimama jana kwenye stesheni yao ya zamani, mwisho wa zile reli, nikaligusa geti. Nikamwambia baba kimoyomoyo kwamba nimefika.

Mbio zilienda salama. Miguu inauma kidogo.

Nimenunua majani ya chai. Ukija nyumbani tutayanywa.

Eucabeth


Mau Narok
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa Mama Shantel,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mwandiko huu ni wangu mimi Kiptanui, kwa sababu mumeo ana jipu kidoleni na hawezi kushika kalamu. Ninaandika maneno yake jinsi anavyoyasema.

Anasema barua ya Kampala aliipokea na aliifurahia, hasa mambo ya ndege.

Anasema kazi ni nyingi mno na mwisho wa mwezi huu hatateremka.

Anasema pia usipande huku kama mlivyokuwa mmepanga, kwa sababu barabara ni matope na magari yanalala njiani.

Anasema usiache safari yako ya mbio za Kigali mwezi wa sita kwa sababu yoyote. Amerudia: kwa sababu yoyote.

Nimemuuliza kama kuna lingine na amesema hapana. Halafu akasema nikuandikie ule vizuri.

Wako katika kazi,
Kiptanui
(kwa niaba ya Nyongesa)


Nakuru
Jumamosi, 10 Mei 2025

Nyongesa,

Leo sikuiti Baba Shantel, maana nataka uisome hii peke yako.

Pasaka hukuja, ukasema kazi. Mwisho wa mwezi uliopita hukuja. Mwezi huu huji, na mimi pia nisije. Nimekupigia, simu yako imezimwa. Nimempigia Kiptanui, anajibu kama karani wa mahakama: yuko shambani, yuko kwa mashine, amelala. Matope nayajua. Nimewahi kupanda huko juu ya lori la viazi mvua ikininyeshea na ukanicheka. Sasa matope yamekuwa mageni kwangu lini?

Na ni jipu gani la kidole linalomzuia mtu hata kushika simu?

Mwanzoni nilifikiri umekasirika tena kuhusu mbio. Lakini mtu aliyekasirika hakwambii usiache Kigali kwa sababu yoyote. Mtu anayekwambia hivyo anataka uwe mbali. Nimekaa kwa cherehani siku kadhaa nikilifikiria hilo, na nimeharibu kola za watoto wa watu.

Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Kama kuna mtu mwingine huko, niambie kwa mwandiko wako. Sitapiga kelele. Lakini usimtume Kiptanui.

Shantel ameanza kunipikia chai kabla hajaenda chuoni. Watoto wanaona.

Eucabeth


Kigali
Jumapili, 15 Juni 2025

Nyongesa,

Hukujibu. Nimengoja barua mpaka asubuhi ile basi lilipoondoka, na hata baada ya kupanda nilikuwa nikiangalia dirishani nione kama Kiptanui anakuja mbio. Yeye asiyekimbia.

Basi nakuandikia kwa mazoea. Pengine hutaisoma.

Mji huu ni msafi mpaka unaogopa kukohoa. Vilima viko hapa pia, lakini vimelala kwa utulivu, na ukungu unakaa chini kwenye mabonde kama maziwa ndani ya kikombe. Asubuhi tulipojipanga kuanza, wasichana wawili waliona bendera kwenye fulana yangu. "Kenya!" Wakaomba picha. Halafu watu wengine wakaja. Mzee mmoja akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu kama mwaka huu nitavunja rekodi. Sue alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilisimama katikati ya watu wanaonipenda bure, Baba Shantel, na nikatamani uwepo uone, na hapo ndipo nilipokumbuka.

Nilianza kulia tukiwa tumetoka tu. Kukimbia ukilia ni kazi ngumu, pumzi inakata vipande. Nililia kwenye mteremko, nikalia kwenye kilima. Mwanamke mmoja wa hapa, mnene kama mimi, alikuja akakimbia ubavuni mwangu. Hatukuwa na lugha moja. Alinishika mkono kilima kizima, akaniachia juu, akanipungia, akaenda zake. Baada ya hapo nililia kidogo tu.

Nimemaliza. Nimevaa medali na nimeketi kwenye ukuta wa maua, na mji wote uko chini yangu, na sina mtu wa kumwambia ila wewe. Hiyo ndiyo shida yangu.

Eucabeth


Mau Narok
Jumapili, 22 Juni 2025

Eucabeth,

Huu ni mkono wa kushoto. Nisamehe kwa mwandiko.

Hakuna mwanamke. Kuna mkanda wa kombaini, mashine ya kuvuna.

Ilikuwa ile wiki uliyorudi kutoka Kampala. Tulikuwa tunafanya sevisi. Sikuzima injini. Kosa ni langu, la mtu yeyote mwingine hapana. Mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati hakuna tena. Nililazwa, nikatoka. Kiptanui alikaa nami. Simu yangu niliizima mwenyewe.

Nilijua ukisikia hutaenda Kigali. Ungepanda huku ukae. Nilitaka uende.

Barua yako ya mwezi wa tano ilifika. Ningejibuje? Kuna maneno ya kumwambia mke ambayo siwezi kumtamkia Kiptanui ayaandike. Nilijaribu. Yeye mwenyewe akaweka kalamu chini, akasema, "Boss, hii andika mwenyewe." Nikaanza kujifunza. A, e, i, kama mtoto. Hii imenichukua tangu Jumatatu.

Sijawahi kuwa na mwingine. Hata kwa mawazo. Sina hata nafasi.

Kiptanui anaondoka saa hii na shuttle ya kwanza ili uipate leo.

Nyongesa


Nakuru
Jumapili, 13 Julai 2025

Baba Shantel,

Nimefika nyumbani salama kutoka huko kwako. Matope yalikuwepo kweli kidogo, nakubali.

Nilipokuwa huko nilikuwa nimejiambia sitagomba, kwa hiyo nagomba sasa. Uliniacha nikimbie Kigali nzima nikilia kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo! Nilikuwa nimeshampa sura. Nilikuwa nimeshampa mpaka viatu. Na wewe umelala huko na mkono umefungwa, unajifunza a, e, i. Nani alikuambia kwamba safari ni kitu cha kupewa na mtu aliyejificha? Ningechagua mwenyewe. Labda ningeenda, labda nisingeenda. Hukuniacha nichague.

Hayo yamekwisha. Sasa jingine.

Siku zote nilizokaa nawe ulikuwa na mkono mfukoni. Ulikula mkono mfukoni, ulisali mkono mfukoni. Siku niliyokuomba niuoshe ulisema maji ni baridi, nikayachemsha, ukasema ni moto. Mpaka nilipouvuta mimi. Nataka ujue kwamba niliuangalia vizuri, na ni mkono wako. Nilikuwa naogopa nitauona mgeni. Sikuuona mgeni.

Na kwa sababu sasa tunaambiana: Kampala sikumaliza. Kwenye kilima cha mwisho dunia iligeuka nyeupe na nikajikuta ndani ya lile gari la wagonjwa, Sue akinipepea kwa kofia. Nilikuwa nimekimbia bila kula vizuri, ndivyo daktari wao alivyosema, na presha waliipima wakakuta iko sawa. Nilikuandikia habari za ndege ili usiulize habari za mbio. Niliogopa utasema niache. Ndiyo maana Kigali ilikuwa kubwa sana kwangu. Nilikwenda kuona kama bado naweza.

Kwa hiyo tuko sawa, wewe na mimi, waongo wawili.

Rudi nyumbani. Meneja amekuweka stoo kugawa spana. Spana za kugawa haziishi, wewe unaisha.

Eucabeth


Mau Narok
Jumapili, 27 Julai 2025

Mama Shantel,

Kuhusu Kampala nimekasirika, halafu nikakumbuka sina haki ya kukasirika. Lakini ule kwanza. Unasikia? Kabla ya kukimbia, ule.

Kuhusu kurudi. Nimeifikiria sana. Nyumbani nitafanya nini ikifika saa nne asubuhi? Fundi bila vidole ni mzee wa kukaa mlangoni akisalimia watu, na hata kusalimia, watu husalimia kwa mkono. Hapa hakuna anayenihurumia tena, wameshazoea. Nakuru itabidi waanze upya. Kanisani, sokoni, majirani, ndugu zako. Kila mmoja atauangalia, halafu ataangalia pembeni, halafu ataanza kuongea juu ya mvua. Nimekwisha kuyaona hayo hapa. Sina nguvu ya kuyaona mara ya pili.

Usinibembeleze. Mwandiko umekuwa mzuri, sivyo?

Nyongesa


Nakuru
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Baba Shantel,

Mwandiko umekuwa mzuri kuliko ule wa zamani.

Sikubembelezi. Nimekaa na barua yako karibu mwezi mzima, nimeona una haki. Watu wa hapa watauangalia. Dada yangu atalia, na atataka kila mtu amwone akilia.

Lakini sikiliza. Mwezi wa kumi kuna mbio Arusha. Mimi sijafika Arusha, wewe hujafika Arusha, na huko hakuna hata mtu mmoja anayejua ulikuwa na vidole vingapi. Hapana wa kuzoea upya, kwa sababu hapana aliyekuzoea mara ya kwanza. Hicho ndicho ninachokipenda kwenye miji ya watu na nilishindwa kukueleza mwezi wa pili. Ukiingia mji usiokujua, unaingia kama ulivyo siku hiyo. Mimi huko si mama wa mtu wala fundi wa sketi. Mimi ni mwanamke mnene anayepita.

Sue hawezi kwenda, anamwoza mdogo wake. Nahitaji mtu wa kushika mfuko. Meneja afikiri anachotaka.

Eucabeth


Mau Narok
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mama Shantel,

Tulipokuwa tukirudi kutoka Arusha ulilala begani kwangu mpaka Namanga, na ulipoamka ulitaka kuongea juu ya magoti tu. Halafu nami ikabidi nipande huku mara moja. Kwa hiyo ya kwangu sikuyasema. Nayasema sasa.

Mlipoondoka kwenye mstari nilibaki na mfuko wako, na kelele ikaenda nanyi. Nikajikuta sina kazi. Nikasema nitembee kidogo. Nikapinda kushoto, nikapinda tena, nikapotea. Wewe hujawahi kuniona nimepotea. Barabara haina gari hata moja. Mtu anamwaga maji mlangoni kwake, mwingine anapanga nyanya, na ule mlima wao umesimama mwisho wa mtaa, karibu kiasi cha kutaka kuuegemea. Nilikuwa nikitembea katikati ya lami, Eucabeth. Katikati kabisa. Sijui nilishuka lini kutoka kando.

Fundi mmoja wa cherehani, amekaa barazani, akaniamkia: "Shikamoo." Nikasahau jibu. Kwetu nani huniamkia hivyo? Nikasema, "Asante." Akacheka, akainuka kunipa mkono, nami nikampa wangu. Ule. Niligundua ukiwa tayari umo ndani ya wake. Aliushika kama mkono wowote, akautikisa, akauachia.

"Unatafuta wapi, mzee?"

"Namtafuta mke wangu. Anakimbia."

"Mmetoka Kenya? Basi huyo amemaliza zamani, wahi!"

Nikamwambia, "Huyu wangu humfahamu."

Alinionyesha njia. Nilipofika mwisho wa mbio walikuwa wameanza kukunja mahema. Watu wamevaa medali wanakula ndizi, wengine wanaenda zao. Nikangoja. Gari la wagonjwa likapita, taa inazunguka, na nikakumbuka Kampala. Nilimshika begani askari nisiyemjua nikamuuliza kama kuna mtu ndani. Akasema hakuna, linaenda tu kupumzika. Nadhani nilimuumiza bega.

Halafu ukatokea kwenye kona.

Sikuwa nimewahi kukuona. Miaka miwili unakimbia, na mimi picha niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu anayefukuzwa, anayeteseka, anayekunja uso. Wewe ulikuwa ukiangalia juu, kwenye madirisha. Ulimwinulia mkono mtu kwenye ghorofa. Ulisema kitu kwa mama wa kufagia na yeye akajibu, mkacheka wote, na wewe hukusimama. Na uso ulikuwa ule wa zamani, Eucabeth, wa yule msichana wa landhi niliyemkuta amekaa kwenye mizigo stesheni akila miwa. Nilidhani ule uso umezeeka ukaisha, kama nyuso zote. Kumbe uko. Unatembea kwenye miji ya watu.

Ndipo nilipopiga kelele. Ulinisikia? Nilipiga kelele jina lako lote, na la baba yako. Watu waligeuka. Nilikuwa nimeinua mikono yote miwili.

Basi hilo ndilo sikukuambia kwenye basi.

Nimezungumza na meneja. Mwisho wa mwezi huu namaliza. Kiptanui amenuna, lakini ameshaniuliza nyumba yetu iko karibu na nini. Jana nilijaribu kufunga nati kwa kushoto. Zinafunga, polepole. Mambo ya kazi tutayaongea tukiwa mezani. Dada yako mwache alie, nitamshikilia leso.

Nitafika Jumamosi ile ya kwanza ya Novemba, asubuhi. Najua Jumamosi ni siku yenu ya Menengai. Usikae nyumbani kunisubiri. Nenda kimbia. Kula kwanza, halafu kimbia. Ufunguo mwachie Shantel, na ukiteremka utakuta maji ya kuoga yako jikoni yanachemka, na mimi nipo.

Mumeo,
Nyongesa